Kuruka Chini Chini: Mbwembwe za Angani na Makaburi Zilizoacha

Wadau, video za hivi zimejaa kwenye simu: kindege kidogo kinapita juu ya maji karibu kiguse mawimbi, kinalala ubavu, halafu kinapanda juu kama mshale. Laiki kibao, moto moto kwenye koment. Ila historia ya Afrika Mashariki ina upande wa pili wa hii stori, na sio mtamu.

Turudi 1931. Mwindaji mmoja maarufu, Denys Finch Hatton, alikuwa na kindege chake aina ya Gipsy Moth. Tarehe 14 Mei alipaa pale Voi, Kenya. Ndege ikazunguka, ikaanguka karibu na uwanja na kuwaka moto. Dunia inamkumbuka yeye, mpaka Hollywood wakamweka kwenye filamu ya Out of Africa. Lakini ndani ya kile kindege walikuwa wawili. Msaidizi wake Mkikuyu naye aliteketea, na ni wachache wanaomtaja.

Sogea mpaka 10 Januari 1959, Serengeti. Kijana wa Kijerumani, Michael Grzimek, alikuwa akiruka na ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia. Yeye na baba yake walikuwa wanahesabu wanyama kutoka angani. Tai akaigonga ndege, ikaanguka. Alikuwa na miaka 24 tu! Kaburi lake lipo ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro.

Sasa cheki: hawa wawili hawakuuawa na sarakasi. Je, anayepindua ndege makusudi karibu na ardhi?

Ishu yenyewe iko hivi. Kindege kikilala ubavu nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa yanabeba mara mbili ya uzito wa kawaida. Kama kikiwa kimenyooka kinahitaji kilomita 80 kwa saa ili kisidondoke, kwenye kona hiyo kinahitaji kama 113. Ukipungukiwa mwendo hapo, bawa linaishiwa nguvu na ndege inashuka kama jiwe. Ukiwa juu sana unashusha pua, unapata mwendo, unaokoka. Ukiwa mita 50? Kitu kikidondoka kutoka hapo kinafika chini kwa sekunde 3 na kidogo. Hata rubani mzoefu hana pa kujirekebishia.

Ndio maana kanuni za kimataifa zinataka ndege isipite mjini chini ya mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho karibu nayo, na mita 150 sehemu nyingine, isipokuwa inapaa au inatua.

Njoo Kagera sasa. Uwanja wa Bukoba umekaa ubavuni mwa Ziwa Victoria, na mvua zake kila mtu anazijua. Ziwa likitulia kama kioo, rubani anashindwa kukadiria maji yako umbali gani chini yake. Ukishuka Muleba, kuna visiwa kama Bumbire na Goziba, na mitumbwi ya wavuvi kila upande. Na wazee wa Bukoba hawajasahau Oktoba 1978, ndege za Idi Amin zilipokuja kudondosha mabomu. Kwao, mngurumo wa chini chini sio burudani.

Halafu kuna 6 Novemba 2022. Ndege ya abiria ya Precision Air yenye watu 43 iliingia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki, 24 wakapona. Ile haikuwa mbwembwe hata kidogo, ilikuwa safari ya kawaida. Waliofika wa kwanza kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao.

Wavuvi haohao ndio wako chini pale mtu anapotaka kuonyesha ufundi juu ya ziwa. Rubani kachagua hatari yake mwenyewe. Mvuvi anayevuta nyavu hakuulizwa.

Kwa hiyo ukikutana na video ya hivyo tena, angalia na kilichopo chini ya ile ndege. Wewe ungekubali mtu wako awe kwenye ule mtumbwi?