Ngoma Isiyo na Anwani

Mwaka 1994 Bunge la Uingereza, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa limezoea kutunga sheria za kodi, za vita na za ardhi, lilijikuta katika kazi ya ajabu ya kueleza muziki ni kitu gani. Kwani katika sheria yake mpya ya jinai na usalama wa hadhara ilibidi itajwe ngoma ambayo polisi watakuwa na idhini ya kuivunja pindi inapokusanya watu 100 au zaidi nje usiku, na watungaji, baada ya kukuna vichwa, wakaandika kwamba miongoni mwa muziki huo ni sauti ambazo zote, au sehemu yake kubwa, ni mapigo yanayofuatana na kurudiwa. Msomaji wa pwani, ambaye babu yake alikuwa hapigi ngoma mjini ila kwa kibali cha serikali ya Waingereza hao hao, hatalaumiwa akitabasamu kidogo.

Ngoma iliyokusudiwa ni rave, nayo asili yake si Uingereza bali Marekani: Chicago, ambako tangu mwaka 1977 Frankie Knuckles alikuwa akiunganisha santuri na santuri usiku kucha katika klabu ya Warehouse, na Detroit, ambako Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walitunga techno kwa vyombo vya umeme. Kimoja cha vyombo vya zama zile kina kisa chake. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya TB-303 mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili iwe badala ya mpiga besi kwa mwenye gitaa asiye na mwenziwe; wapiga gitaa hawakuipenda, kiwanda kikaacha kuitengeneza, na vijana wa Chicago wakaipata kwa bei ya mtumba, wakavizungusha vifundo vyake mpaka ikatoa mlio wa kukoroma na kulia ambao aliyeiunda hakuudhamiria kamwe. Kundi la Phuture lilitoa santuri ya mlio huo mwaka 1987.

Kiangazi cha mwaka huo huo wachezesha santuri wachache wa London, Danny Rampling na Paul Oakenfold wakiwamo, walikwenda kisiwa cha Ibiza, wakarejea na shauku ya kuihamishia kwao raha waliyoiona. Na kabla ya mwaka kwisha Rampling akafungua Shoom, klabu ndogo katika ukumbi wa mazoezi ya mwili kusini ya mto Thames. Haifai kuficha kwamba vidonge vya ecstasy, vilivyokuwa haramu kwa sheria ya nchi ile tangu mwaka 1977, vilikuwa na fungu lao katika furaha hiyo, na wako vijana waliokufa kwavyo.

Lakini klabu zilibanwa na saa za leseni, zikafungwa ilhali wachezaji wangali na nguvu. Kuizunguka London kuna barabara kuu ya M25, iliyokamilika mwaka 1986, na kando yake pana mashamba, mabohari, na viwanja vidogo vya ndege vilivyo kimya usiku. Huko ndiko watu kama Tony Colston-Hayter, mwandaaji wa ngoma zilizoitwa Sunrise, walikotumia utaratibu ambao, kwa rai yangu, ulifanya kazi kubwa kuliko muziki wenyewe katika kuwageuza wageni wale kuwa jamaa moja. Tiketi iliuzwa ikiwa na tarehe na namba ya simu, bila ya mahali. Usiku ulipowadia, magari yalisimama katika vituo vya petroli vya barabara ile, na penye vibanda vya simu watu wakapanga foleni na sarafu mkononi, kila mmoja akipiga namba ile ile na kusikia maneno yale yale yaliyorekodiwa: ngojeni kwanza, au nendeni mpaka njia panda fulani kisha mpige tena. Mwenye shughuli, akisha kuona kwamba jenereta inanguruma na vipaza sauti vimesimama, aliyabadilisha maneno hayo kwa simu ya mkononi papo hapo shambani, na kwa kuwa mtambo wa kampuni ya simu uliweza kuwajibu wengi kwa wakati mmoja, maelfu walipata habari kwa pamoja, wakaingia barabarani kwa msafara. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: polisi wakiwahi, watafunga lango, wakichelewa wakakuta umati umekwisha kuingia, kuutawanya gizani kuna hatari kuliko kuuacha mpaka alfajiri. Na waliongojeana kando ya njia, wakaulizana habari na kupakiana magarini, walifika uwanjani wakiwa wamekwisha kujuana nusu. Mwezi Juni 1989 Sunrise ilikusanya watu wapatao 11,000 katika uwanja wa ndege wa White Waltham, na gazeti la The Sun likapata ghadhabu ya kuuzia nakala.

Polisi wa Kent waliunda kikosi maalumu cha kuzisikiliza simu zile pamoja na redio zisizo na leseni, na mwaka 1990 mbunge Graham Bright akapitisha sheria iliyopandisha faini kutoka pauni 2,000 hadi 20,000, na kifungo cha miezi sita juu yake. Waliotoza viingilio wakarudi katika kumbi zenye leseni. Wasiotoza, kama jamaa wa kundi la Spiral Tribe, wakashikilia mashamba, hata Mei 1992, polisi walipozuia tamasha la Avon na kuwasukuma wasafiri waliokuwa wakiliendea kutoka wilaya hadi wilaya, wote wakatua katika uwanda wa Castlemorton, Worcestershire. Safari hii haikuhitajika siri wala simu, maana televisheni iliitangaza anwani kwa nchi nzima; wakaja watu zaidi ya 20,000, muziki ukapigwa takriban juma zima, na wenyeji, ambao malalamiko yao yalikuwa ya haki, hawakupata usingizi. Watu 13 wa Spiral Tribe walishtakiwa, wakaachiliwa huru mwaka 1994, mwaka ule ule wa sheria ya mapigo yanayorudiwa.

Wakati huo San Francisco, ambako vijana waliotoka Uingereza walikuwa wakipiga santuri ufukweni usiku wa mbalamwezi, mwanafunzi wa Berkeley aitwaye Brian Behlendorf alianzisha mwaka 1992 orodha ya barua pepe iliyoitwa SFRaves. Haja ilikuwa ile ile ya M25, yaani kujua ngoma iko wapi leo. Lakini simu ilisema tu, haikusikiliza, ilhali hapa aliyepokea habari aliweza kujibu, kubisha, kusifu na kulaumu, na barua yake moja ikawafikia wote. Kutoka hapo ikakua Hyperreal, hazina ya maandishi juu ya muziki, mashine zake, na hata vidonge na madhara yake. Mwaka 1995 Behlendorf na wenzake walianza kuitengeneza Apache, programu ambayo baadaye ilikuja kuhudumia zaidi ya nusu ya tovuti za dunia. Na barua walizoandikiana mafundi hao mwanzoni zilipitia kwenye Hyperreal, pamoja na habari za ngoma ya Jumamosi.