Fahamu Parrandas: Fataki zinazofungua Krismasi mjini Remedios

Remedios, katikati ya Cuba, ni mji mkongwe ulioanzishwa na Wahispania katika karne ya 16. Kila Desemba mji huo hulipuka kwa fataki katika sherehe iitwayo Parrandas. Sherehe hiyo ilitoka wapi, na kwa nini inahitaji tahadhari? Tunaeleza.

Ilianzaje?

Inasimuliwa kuwa yapata mwaka 1820, padre Francisco Vigil de Quiñones aliona waumini wachache wakifika kwenye misa za alfajiri, zilizofanyika kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba. Wengi walibaki wamelala. Basi akawatuma watoto wapite mitaani wakipiga makopo na filimbi ili kuwaamsha. Hadi leo, watoto hutoka na makopo alfajiri ya tarehe 16, na hapo msimu wa Krismasi huwa umefunguliwa.

Nani hushindana na nani?

Baadaye kelele hizo ziligeuka mashindano ya pande mbili za mji: San Salvador, ambao alama yao ni jogoo, na El Carmen, ambao alama yao ni kipanga. Usiku wa tarehe 24 hukutana kwenye uwanja mkuu, karibu na kanisa. Kila upande huleta jengo refu la mbao lililojaa taa, gari kubwa lililopambwa, na fataki nyingi. Maandalizi huchukua miezi na hufanywa kwa siri. Hakuna majaji, kukipambazuka, kila upande hudai umeshinda.

Hatari iko wapi?

Mwaka 2017 fataki ziliwajeruhi watu zaidi ya 20 mjini humo, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata, UNESCO iliziingiza Parrandas za Cuba ya kati kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa hiyo wenyeji wana kazi mbili: kulinda mila, na kulinda watu.

Fataki zikirushwa kwenu, tunakushauri:

- Usiwashe fataki ukiwa umeishika mkononi, wala usiielekeze kwa watu.
- Kaa mbali na nyumba za nyasi au makuti, na uwe na ndoo ya maji karibu.
- Fataki isipolipuka, usiirudie kuiwasha. Baada ya kusubiri, imwagie maji.
- Usimwachie mtoto fataki. Wa Remedios walianza na makopo, na yalitosha kuamsha mji mzima.