Saa za kupima afya: zinasaidia wapi, zinakomea wapi
Saa ya mukono yenye kuungana na telefone inatuma mwangaza wa kijani ndani ya ngozi. Damu ikipita, mwangaza unaorudi unabadilika, na hivyo saa inahesabu mapigo ya moyo.

Kwa mapigo ya mutu aliyepumzika na hatua za kila siku, inasaidia kweli. Zingine zinaonya moyo ukipiga ovyo. Hapo mutu aende kwa muganga. Lakini mukono ukitikisika ao saa ikilegea, hesabu inapotea.

Hatari kubwa iko kwa sukari. Mwezi wa pili 2024, FDA, shirika la Marekani linalosimamia dawa na vifaa vya matibabu, lilionya kwamba halijaruhusu saa ao pete hata moja inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Mugonjwa wa diabeti akiamini namba hiyo anaweza kujidunga insulini nyingi; sukari inashuka, anazimia, hata kufa.

Malaria pia haionekani kwenye saa. Inapimwa na tone la damu ya kidole, kwenye kituo cha afya. Mutu akisikia vibaya, asingojee saa imuambie.