Shamba Lililohamia Malindi

Ukiingia Tsavo Mashariki kwa lango la Voi, ukashika njia ya Sala, utaukuta mto Galana ukijipenyeza kwenye miamba ya Lugard. Msimu wa mvua maji yake huwa mekundu kama kutu. Yale ni mashamba ya watu yanayopita. Mto Athi umeyatoa Machakos, Makueni na Kitui, ikakutana na mto Tsavo humu mbugani na kuwa Galana. Ukikaribia bahari, Galana huitwa Sabaki.

Mzigo huo wa udongo hutuliwa kaskazini mwa mji wa Malindi. Mawimbi huusukuma ufuoni, na mji umepata ardhi ambayo hakuna aliyeijaza kwa karai wala tingatinga. Hoteli zilizojengwa zikitazamana na mawimbi zimeachwa na bahari. Mgeni huvuka mamia ya mita za mchanga kabla ya kulowa miguu.

Kumbukumbu ya haya yote imo ndani ya matumbawe. Mwaka 2007 mwanasayansi Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye miaka 300 hivi. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka, na bariamu inayosafiri na udongo hubaki humo. Kwa muda mrefu tope lilikuwa kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, likaanza kuzidi.

Hapo ndipo walowezi Wazungu walipotwaa ardhi na Wakamba, wenyeji wa nchi ya Athi, kubanwa kwenye maeneo ya akiba, wakilima na kulisha mifugo pale pale mwaka baada ya mwaka. Udongo ulipokwisha, serikali ya kikoloni ililaumu ng'ombe, ikawachukua kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza Wakamba wenzake kwenda Nairobi kudai mifugo yao. Ng'ombe walirudishwa, yeye akapelekwa uhamishoni Lamu. Wakoloni waliuona mmomonyoko, wakakataa kuona mkono wao ndani yake.

Sasa bwawa la Thwake, lenye ukuta wa zaidi ya mita 80, linajengwa kwenye Athi. Makueni na Kitui wanayahitaji maji hayo, nami nawatakia wayapate. Ila maji yakitulia bwawani, tope huzama humo humo, ufuo hukosa udongo mpya, na bahari inapanda. Kipini, kwenye mlango wa Tana, mto wenye mabwawa kama Kindaruma na Masinga, mawimbi yameshakula nyumba. Malindi bado wanajenga.