Shabaha Isiyotulia ya Bonde la Eyasi

Wageni wanaoteremka kutoka Karatu hadi Baray na kandokando ya Ziwa Eyasi kuwatembelea Wahadzabe, jamii ya wawindaji, huonyeshwa upinde, kisha hujaribu kulenga shabaha iliyosimama. Hiyo ni hatua ya chini kabisa ya ustadi huu. Ukiipima kwa historia ya ulengaji shabaha duniani, elimu ya upinde ya Eyasi inastahili kuandikwa ndani ya historia ya michezo yetu, si kuachiwa vipeperushi vya utalii peke yake.

Chukua mchezo wa bunduki ya marisau. Ulianza kwa njiwa hai waliofunguliwa vizimbani, zikaja tufe za kioo, na mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky akapata hataza ya sahani ya udongo. Sahani iliruka vizuri, lakini mlengaji aliyesimama nyuma ya mtambo mmoja wa kuirusha hakujifunza vituko vyote vya ndege wa porini. Ndipo Charles Davies, mwindaji wa Andover, Massachusetts, alipobuni zoezi gumu zaidi: walengaji walizunguka duara ili sahani iwapitie kwa kila pembe. Jirani alipoanza kufuga kuku, ikabidi duara likatwe nusu na mtambo wa pili uwekwe upande wa pili. Mchezo huo, skiti, ulipewa jina mwaka 1926 na kuingia Olimpiki mwaka 1968. Katika skiti ya Olimpiki mlengaji huita sahani bunduki ikiwa imeshushwa kiunoni, nayo huweza kutoka papo hapo au kumsubirisha hadi sekunde tatu. Kila ugumu wa aina hii unarudisha uwanjani kile ambacho uwanja ulikiondoa, yaani windo lisilotabirika.

Eyasi windo hilo halikuondolewa. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupata upinde mdogo akiwa na miaka mitatu hivi, akalenga vibuyu kambini, kisha akafuata ndege na wanyama wadogo. Upinde wa mtu mzima huhitaji nguvu ya karibu kilo 30 kuuvuta, na mnyama mkubwa hupigwa kwa mshale wa sumu baada ya kunyemelewa kwa subira.

Watakuwepo wa kusema kwamba hiyo ni riziki, si mchezo. Lakini Davies naye alikuwa akijinoa kwa ajili ya kuwinda kwale, na mtoto anayelenga kibuyu hatafuti kitoweo. Wengine watasema upinde si bunduki. Ni kweli, na tofauti hiyo inaupa uzito upande wa Eyasi: marisau hutawanyika hewani, mshale ni mmoja. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba historia ya michezo hujengwa kwa alama, na porini hakuna mwamuzi. Hata hivyo kipimo kimewahi kufanyika: mwaka 2002 Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha utafiti uliopima, pamoja na mengine, ulengaji shabaha wa Wahadzabe. Kipimo cha namna hiyo hueleza jicho na mkono. Hakielezi namna mwindaji anavyosoma upepo, nyayo na mgutuko wa mnyama kabla ya kuachia uzi. Sehemu hiyo wanaijua wazee wa kambi, na wao ndio wa kuulizwa kwanza, tena mapema, kwa kuwa mashamba ya vitunguu ya Mang'ola na malisho ya mifugo yanazidi kulibana pori wanamofundishia vijana wao.