Kashasha 1988: Shauri la Kibanja Lililompa Binti Haki ya Kuuza Urithi

Tarehe 24 Agosti 1988, mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake. Umri ulikuwa umekwenda na hakuwa na mtu wa kumtunza. Mnunuzi alimlipa shilingi 300,000. Baba alikuwa ameacha wosia halali, fedha zilikuwa zimetolewa, na mwenye mali alikuwa ameuza kwa hiari yake. Kesho yake tu, tarehe 25, mwanamume wa ukoo wake, ambaye kwake mama huyo ni shangazi, alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kufungua shauri.

Hoja yake ilikuwa fupi: mnunuzi si wa ukoo, na kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ikakubaliana naye. Mauzo yakatangazwa kuwa batili, na shangazi akaamriwa amrudishie mnunuzi zile 300,000.

Shauri hilo lilipanda ngazi hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na kuacha hukumu ambayo wanasheria wa Afrika nzima huisoma. Huku vijijini, kwenye mashamba yenyewe, haijulikani inavyostahili.

Kwa nini ukoo huling'ang'ania shamba

Kwa Wahaya, kibanja ni shamba la migomba na mibuni lililoizunguka nyumba ya familia. Nje yake kuna rweya, uwanda wa majani wenye udongo hafifu. Rutuba ya kibanja ni kazi ya mikono: samadi, majani ya kutandaza, maganda ya ndizi, mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi. Wazee wa familia huzikwa humo humo. Ndugu anaposikia kibanja kimeuzwa kwa mgeni, anajua makaburi ya babu zake yameingia katika mali ya mtu mwingine. Uchungu huo ni wa kweli, na anayeubeza hataielewa migogoro hii.

Kahawa ilipokuwa zao la biashara wakati wa ukoloni, kibanja kikapata bei, na kishawishi cha kuuza kikaongezeka. Mila ilikuwa na kinga yake. Mwanamume akiuza ardhi ya ukoo bila idhini ya ndugu, wenzake walikuwa na haki ya kuikomboa: wanamrudishia mnunuzi fedha zake, ardhi inarudi ukooni.

Kwa mwanamke mambo yalikuwa tofauti. Mila hizo ziliandikwa vitabuni tangu enzi za Waingereza. Hans Cory na Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za mila za Wahaya mwaka 1945. Baada ya Uhuru, serikali ilitaka kuunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 likaweka kanuni za urithi kwa maandishi. Warithi waligawanywa katika daraja tatu: mwana wa kiume mkubwa daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Kanuni ya 20 ilisema mwanamke anaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu na hawezi kuiuza, isipokuwa kama hakuna mwanamume yeyote katika ukoo huo.

Wanawake hawakunyamaza. Mashauri kutoka Bukoba yalifika Mahakama Kuu katika miaka ya 1960, na mwaka 1968 jibu lilikuwa kwamba hata kama mahakama inawaonea huruma, kazi ya kubadili mila si yake. Jamii yenyewe ibadilike kwanza.

Hukumu ya Mwanza

Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa ndani ya Katiba, na tangu Machi 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Ilikuwa miezi mitano tu kabla ya shangazi kuuza shamba lake. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilizitumia haki hizo kutengua uamuzi wa Kashasha. Mwanaukoo akakata rufaa.

Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitoa hukumu tarehe 22 Februari 1990. Alisimama juu ya Katiba na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliridhia, ukiwemo ule wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Akasema kanuni ya 20 isomwe upya: mwanamume na mwanamke wana haki sawa ya kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia hukumu hii, lakini Jaji hakuunyang'anya ukoo haki ya kukomboa. Alimwambia mwanaukoo kwamba akilitaka shamba, amlipe mnunuzi shilingi 300,000 ndani ya miezi sita. Akishindwa, shamba ni la mnunuzi.

Tofauti kati ya Kashasha na Mwanza ilikuwa hii: nani atoe fedha? Mwanamume alipouza, aliyelitaka shamba ndiye aliyelipa, na muuzaji alibaki na fedha zake. Mwanamke alipouza, mauzo yalifutwa, na yeye ndiye aliyetakiwa kulipa. Ukoo ulirudishiwa shamba bila kutoa hata senti, na shangazi mzee asiye na wa kumtunza akabaki na deni. Hukumu ya Mwanza iliuhamisha mzigo huo kutoka kwa mwenye dhiki ukaangukia anayedai.

Sheria ipo, kijiji hakijaisikia

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zinazompa mwanamke haki sawa ya kupata, kutumia na kuhamisha ardhi, na kutamka kuwa mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Hata hivyo kanuni za 1963 hazikufutwa. Wajane wawili walizipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 ikakiri kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzibatilisha. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa kasoro ya utaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao. Robo karne nzima ilikuwa imepita tangu hukumu ya Mwanza.

Wakati huohuo migogoro imechukua sura mpya. Mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ilhali mgogoro wa ardhi huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wengi huzunguka kati ya milango hiyo miwili. Msimamizi wa mirathi huuza shamba kabla ya kuligawa, kana kwamba ni lake peke yake. Kaka huuza kwa niaba ya dada aliyeolewa mbali, ambaye hupata habari mnunuzi akiwa ameshaweka msingi. Mnunuzi naye ameshika karatasi ya mauziano bila kuuliza warithi ni wangapi wala kupita halmashauri ya kijiji.

Ukoo unaolipenda shamba la babu una njia ya haki ya kulilinda: kumtunza ndugu mwenye shida kabla hajafikia kuuza, au kutoa fedha na kununua wenyewe. Mapenzi ya ardhi yanayogharimiwa na binti peke yake ni dhuluma, hata yakiitwa mila. Bunge liliweka haki sawa mwaka 1999. Halina sababu ya kuziacha hai kanuni za 1963 zinazoipinga haki hiyo, na wazee wa koo hawana haja ya kusubiri Bunge ili kumtendea haki shangazi yao.