Centrafrique: Seleka, Anti-balaka na miaka mitatu ya serikali ya mpito

Mutu akisimama Zongo, katika jimbo la Sud-Ubangi, anaona Bangui kwa macho yake. Ni mto Ubangi tu unaotenganisha muji huo na Kongo. Njo maana vita vya Centrafrique havijawahi kuwa vita vya mbali kwa wakongomani: tangu 2013 maelfu ya wakimbizi walivuka mto na kupangwa katika kambi za Mole, Boyabu, Inke na Bili. Lakini upande wa mashariki wa Kongo, wengi walisikia tu kwamba kule "wakristo na waislamu wanauana", na habari ikaishia hapo. Maneno hayo si ya uongo, ila hayaelezi mambo yalianzia wapi, wala namna serikali ya mpito ilivyojaribu kuyatuliza kati ya 2013 na 2016.

Kwanza historia kidogo. Centrafrique ilipata uhuru tarehe 13 mwezi wa nane 1960, na toka wakati ule madaraka yamebadilika zaidi kwa bunduki kuliko kwa kura. Bokassa alimuondoa Dacko usiku wa mwaka mupya 1966, akajivika taji la mfalme mukuu mwaka 1977, na wafaransa wakamutoa miaka miwili nyuma yake. Jenerali Kolingba alikamata inchi mwaka 1981. Patassé alichaguliwa mwaka 1993, na mwezi wa tatu 2003 Jenerali Bozizé akamupindua.

Katika habari ya Patassé, Kongo imo. Mwezi wa kumi 2002, Jean-Pierre Bemba alituma askari wa MLC wavuke Ubangi kwenda kumusaidia. Wakaaji wa Bangui waliwabatiza jina la "Banyamulenge", hata kama wengi wao walikuwa vijana wa Équateur wenye kusema Lingala. Jina lilibaki, na kumbukumbu ya kuibiwa na kubakwa ikabaki nalo. Korti ya kimataifa ya La Haye ilimuhukumu Bemba mwaka 2016, kisha korti ya rufaa ikamuachilia mwezi wa sita 2018.

Seleka ilitoka wapi

Kaskazini-mashariki mwa Centrafrique, upande wa Birao na Ndélé, ni mbali sana na Bangui. Barabara hakuna, na wakati wa mvua eneo hilo linakatika kabisa na inchi nzima. Wakaaji wa kule, wengi wao waislamu, wanafanya biashara na Sudan na Tchad kuliko na muji wao mukuu. Wakifika Bangui, polisi na watu wa kartie wanawaita wageni, hata kama mababu zao walizaliwa palepale. Sensa ya 2003 ilihesabu waislamu karibu asilimia 10 ya raia. Ni wachache, lakini walionekana sana kwa sababu ya duka, ya biashara ya almasi na ya ngombe. Wafugaji Peul, wenye kuitwa pia Mbororo, wengi wao ni waislamu.

Mwezi wa kumi na mbili 2012, makundi kadhaa ya upande huo yaliungana. Wakajiita Seleka, maana yake "muungano" katika lugha ya Sango. Ndani yao mulikuwa pia wapiganaji kutoka Tchad na Sudan. Walisaini mapatano Libreville tarehe 11 mwezi wa kwanza 2013, lakini hayakudumu. Tarehe 24 mwezi wa tatu waliingia Bangui, Bozizé akakimbia, na Michel Djotodia akajitangaza prezida. Alikuwa muislamu wa kwanza kuongoza inchi ile.

Hapa njo penye kosa kubwa. Seleka haikuja na mupango wa kuongoza. Ilikuja na hasira na njaa ya mali. Wapiganaji walipora nyumba, waliua, walichoma vijiji, na mara nyingi walipita mbele ya duka la muislamu bila kuligusa. Jirani mukristo aliyenyang'anywa kila kitu aliona duka la jirani yake limesimama. Hakuuliza kama mwenye duka alikuwa na urafiki na Seleka ao aliokoka kwa bahati tu. Djotodia alitangaza mwezi wa tisa kwamba Seleka imevunjwa, lakini wenye bunduki hawakumusikiliza.

Kundi likazaa kundi

Anti-balaka hawakuumbwa siku moja. Wakati wa Bozizé, vijiji vilikuwa na vikundi vya vijana wenye hirizi na bunduki za kuwinda, vya kupambana na wanyang'anyi wa barabarani. Vikundi hivyo viliamka tena upande wa Bossangoa mwaka 2013, na wanajeshi wa zamani wa Bozizé wakajiunga navyo. Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili walishambulia Bangui. Siku ileile, baraza la usalama la ONU liliruhusu kikosi cha Afrika, MISCA, na askari wa Ufaransa wa operesheni Sangaris waingie.

Wafaransa walianza kunyang'anya Seleka silaha. Kilichofuata kilipaswa kuonekana mapema: pale Seleka waliponyang'anywa bunduki, waislamu wa kawaida walibaki bila mulinzi, na anti-balaka wakaingia kartie na panga. Mwanzoni mwa 2014 malori yalibeba familia nzima kwenda Tchad na Cameroun. Valerie Amos, aliyeongoza misaada ya ONU, alisema mwezi wa tatu 2014 kwamba Bangui, iliyokuwa na waislamu zaidi ya laki moja, ilikuwa imebaki na chini ya 1.000. Wengi wao walijifungia katika PK5, kartie ya biashara. Mwaka uliofuata, balozi wa Marekani katika ONU alitaja misikiti 417 iliyobomolewa kati ya 436. Tume ya uchunguzi ya ONU ilisema pande zote mbili zilitenda makosa makubwa juu ya binadamu, na kwamba waislamu walifanyiwa usafishaji wa kikabila.

Wakristo nao walikufa na kukimbia kwa wingi, hilo lisisahauliwe. Karibu na uwanja wa ndege wa M'Poko, watu karibu 100.000 walilala chini ya mabawa ya ndege mbovu na mahema. Tarehe 28 mwezi wa tano 2014, watu wenye silaha waliingia katika uwanja wa kanisa Notre-Dame de Fatima na kuua wakimbizi waliokuwa wamejificha pale.

Mpito wa pili

Djotodia aliacha kiti tarehe 10 mwezi wa kwanza 2014 huko N'Djamena, mbele ya wakubwa wa inchi za Afrika ya kati. Aliitiwa katika inchi ya jirani ili ajiuzulu, jambo ambalo raia wengi wa Bangui walilifurahia, lakini linaonyesha pia nani alikuwa na neno la mwisho. Siku kumi nyuma yake, baraza la taifa la mpito lilimuchagua Catherine Samba-Panza, meya wa Bangui, kwa kura 75 dhidi ya 53 za Désiré Kolingba, mutoto wa prezida wa zamani. Alikuwa mukristo, mwanamke wa biashara, hakuwa wa Seleka wala wa Bozizé.

Alipokea inchi bila jeshi na bila pesa. Tarehe 5 mwezi wa pili 2014 alihutubia wanajeshi katika sherehe ya kuwarudisha kazini. Aliondoka, na palepale, wanajeshi wenye uniforme walimukamata mutu waliyemushuku kuwa Seleka, wakamuua hadharani mbele ya waandishi wa habari. Ni jeshi hilo alilotakiwa kulitegemea. Njo maana ulinzi ulibaki mikononi mwa wageni: MISCA, kisha Minusca tangu tarehe 15 mwezi wa tisa 2014. Kikosi cha Kongo kilikuwemo pia, lakini mwanzoni mwa 2016 ONU iliamua kirudishwe nyumbani, wakati mashtaka ya unyanyasaji wa kimapenzi yalikuwa yanazidi juu ya askari wake.

Mwezi wa nane 2014 Samba-Panza alimuteua muislamu, Mahamat Kamoun, kuwa waziri mukuu. Wengine waliona ni daraja la amani, lakini viongozi wa ex-Seleka walisema hawakuulizwa. Kugawa viti kwa dini kuna ugumu huo: mutu anaweza kuwa wa dini fulani bila wenye silaha wa dini hiyo kumukubali kama mutu wao.

Kazi iliyosikika zaidi kwa raia ilifanywa na viongozi watatu wa dini: askofu mukuu Dieudonné Nzapalainga, imamu Oumar Kobine Layama na pasta Nicolas Guérékoyamé-Gbangou. Walianza kuzunguka inchi pamoja tangu mwisho wa 2012, kabla Bangui haijaanguka. Imamu alipotishwa, askofu alimupokea nyumbani kwake na akalala pale miezi mingi. Kule Carnot, parokia ya wakatoliki ilificha waislamu wakati anti-balaka walikuwa wanazunguka inje.

Mukutano wa Bangui, tarehe 4 hadi 11 mwezi wa tano 2015, uliita wajumbe zaidi ya 600. Kabla yake, raia waliulizwa maoni katika wilaya na hata katika kambi za wakimbizi. Wajumbe walikataa musamaha kwa wenye makosa makubwa, na tarehe 3 mwezi wa sita sheria ya korti ya pekee ya makosa ya vita ilitangazwa. Makundi yalisaini pia mapatano ya kuweka silaha chini. Lakini mwezi wa tisa, kijana mmoja muislamu, dereva wa taksi-moto, aliuawa Bangui, na muji ukawaka tena siku kadhaa.

Kura katika PK5

Tarehe ya mwisho wa mpito ilisogezwa mbele mara kadhaa. Baba mutakatifu Fransisko alifika tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 2015, akafungua Mulango Mutakatifu katika kanisa kubwa la Bangui, kesho yake akaingia musikiti wa Koudoukou, PK5. Wiki mbili nyuma yake, siku ya kura ya maoni juu ya katiba, wenye kupinga uchaguzi walipiga risasi karibu na shule Baya Dombia katika kartie hiyohiyo, watu wakafa. Wakaaji waliandamana wakidai waachwe wapige kura. Kesho yake walirudi kwenye mustari, askari wa ONU wakiwalinda. Kwa mutu anayeitwa mugeni kila siku, karatasi ya kura ilikuwa pia ushahidi kwamba ni raia.

Siku hizohizo Noureddine Adam, mukubwa mumoja wa ex-Seleka, alitangaza serikali yake ya kujitenga kaskazini-mashariki. Hakuna inchi iliyoikubali. Faustin-Archange Touadéra, mwalimu wa hesabu na waziri mukuu wa zamani wa Bozizé, alishinda katika duru ya pili tarehe 14 mwezi wa pili 2016 kwa karibu asilimia 63, akaapishwa tarehe 30 mwezi wa tatu. Samba-Panza alimuachia kiti kwa amani. Wakubwa wa mpito walikuwa wamekatazwa kugombea.

Vita havikuisha. Mwisho wa 2016, upande wa Bria, vipande viwili vya ex-Seleka vilipigana wao kwa wao: FPRC ya Noureddine Adam ilishambulia UPC ya Ali Darassa, na wapeul wakawindwa na watu wa dini yao wenyewe. FPRC ilipata hata usaidizi wa anti-balaka. Vita hivyo vilikuwa vya barabara, vya almasi na vya kodi ya ngombe. Lakini mwezi wa tano 2017, Bangassou, waislamu walishambuliwa tena kama waislamu, wakakimbilia kwa wakatoliki, na wakaaji wengi wa muji wakavuka Mbomou hadi Ndu, katika Bas-Uélé. Ndu ilipokea wengine tena mwezi wa kwanza 2021, wakati muungano mupya wa makundi, CPC, uliposhambulia Bangassou. Ndani ya CPC, anti-balaka na ex-Seleka walikuwa upande mumoja.

Korti ya pekee ya Bangui ilitoa hukumu yake ya kwanza tarehe 31 mwezi wa kumi 2022. Kule La Haye, tarehe 24 mwezi wa saba 2025, wakubwa wawili wa anti-balaka walihukumiwa: Alfred Yekatom miaka 15, Patrice-Édouard Ngaïssona miaka 12. Kesi ya Mahamat Said, wa Seleka, ilianza mwaka 2022 katika korti hiyohiyo. Djotodia na Bozizé hawajasimama mbele ya waamuzi hao.